Mashini ni ya kampuni, konti ni yake: kisa cha laptopu moja ya Lubumbashi

Niliitwa tarehe 12, saa nne asubuhi, na ofisi ndogo ya usafirishaji na forodha katika komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Ni watu tisa tu. Wanatoa mizigo ya wateja Kasumbalesa, mpakani, mwendo wa kilomita 90 hivi, wanaileta hadi kwenye depo za mjini. Mama Direkta alinieleza kwa simu kwa maneno machache: "Mashini imekuwa buluu, inaomba namba ambazo hatuna. Na tarehe 15 ni TVA." Anayefanya biashara Kongo anaujua uzito wa maneno hayo ya mwisho. Tamko la TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, la mwezi uliopita linatakiwa liwe limepelekwa kabla tarehe 15 haijapita, na fakture (ankara) za mwezi mzima zilikuwa ndani ya kompyuta hiyo moja.

Wahusika wameniruhusu nikieleze kisa chao, mradi nisitaje jina la mtu wala la ofisi. Nakieleza kirefu kwa sababu nimekutana nacho mara nyingi, kila mara kikiwa kimevaa nguo nyingine, na karibu kila mara watu huanza kwa kufuta. Kufuta ndiyo hatua ya mwisho.

Jinsi ilivyoanza

Laptopu ilinunuliwa mpya miaka miwili nyuma, kwa pesa ya kampuni, ikakabidhiwa deklaranti wao, yaani yule anayetengeneza hati za forodha. Ilikuwa na Windows 11, toleo la Home. Toleo hilo, tangu lilipotoka Oktoba 2021, linamtaka mtu awe na intaneti na akaunti ya Microsoft ndipo amalize kuitayarisha kompyuta mara ya kwanza. Mwaka 2022 toleo la Pro nalo likaanza kudai vivyo hivyo. Skrini ilipoomba anwani ya barua pepe, kijana aliuliza aweke ipi, maana kampuni ilikuwa na anwani moja tu ya Gmail na aliyejua nenosiri lake hakuwepo. Aliyekuwa akisimamia ofisi siku hiyo alimjibu: "Weka ya kwako kwanza, tutaona."

Basi akaweka ya kwake. Hakuna aliyerudi kuliangalia jambo hilo tena.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu ndani ya dakika zile chache yalitokea mambo ambayo hakuna mtu ofisini aliyeyaona. Kwanza, akaunti ya kwanza kuwekwa ndiyo inayokuwa msimamizi wa kompyuta: ndiyo yenye mamlaka ya kuongeza na kuondoa nyingine. Pili, laptopu ile ni ya aina inayoweza kusimba diski yake yenyewe, yaani kuifunga isisomeke bila ufunguo, na Windows huanza kuisimba kimya kimya mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wa kuokolea, wenye tarakimu 48, hupelekwa na kuhifadhiwa ndani ya akaunti hiyo kwenye intaneti. Kwa maneno mengine, kampuni ilinunua sanduku, na ufunguo wa akiba ukaenda kukaa kwenye mfuko wa mfanyakazi bila yeye mwenyewe kujua. Tatu, OneDrive, hifadhi ya faili ya Microsoft kwenye intaneti, ikaanza kupandisha mtandaoni vilivyokuwa kwenye eneo la kazi, kwenye nyaraka na kwenye picha. Akaunti ya bure ya OneDrive ina giga 5, na ndani ya giga hizo picha za familia na fakture za wateja zikalala kitanda kimoja.

Hata jina la folda lilibaki kama alama. Mtu akianzisha Windows kwa akaunti ya Microsoft, folda yake ndani ya C:\Users huitwa kwa herufi tano za kwanza za anwani yake ya barua pepe. Nilipoifungua diski ile baadaye, herufi tano za jina la kijana yule zilikuwa ndani ya kila njia ya faili, mpaka ndani ya fomula za Excel za TVA.

Kijana aliondoka kwa kutoelewana. Dekonti finali yake, yaani malipo ya mwisho ya kuondoka kazini, haikukamilika, na cheti cha kazi alichoomba hakikuandikwa. Akapata nafasi Kolwezi, kilomita 300 hivi kutoka hapa, akahamia huko. Laptopu ikakaa kwenye droo wiki tatu, kisha akapewa binti aliyeajiriwa kushika nafasi yake. Chini ya kompyuta kulikuwa na kikaratasi kimebandikwa kwa selotepu, kina tarakimu nne. Ofisi nzima ilizijua. Binti akaziandika, mlango ukafunguka, akaanza kazi.

Alifanya kazi hivyo miezi miwili. Kila asubuhi, kabla ya kuweka tarakimu zile, alikuwa akiitazama picha ya mtoto mdogo wa kike amevaa sare ya shule, bluu na nyeupe, begi limemzidi mgongo. Ni binti wa mwenzake ambaye hajawahi kuonana naye. Aliniambia ilikuwa ikimpa aibu, kana kwamba ameingia chumbani kwa mtu bila kubisha. Aliwahi kumwomba mkubwa wake wabadilishe, akaambiwa mashini inafanya kazi, asiitafutie ugonjwa.

Wakati huohuo, kule Kolwezi, simu ya kijana ilikuwa ikipokea ripoti: faili mpya zimeongezwa. Fakture za wateja wa kampuni aliyoiacha zilikuwa zikimfikia mfukoni, moja baada ya nyingine. Hakuzigusa. Lakini aliogopa, na ninamwelewa: kama zile zinamfikia yeye, basi na za kwake zinaonekana kule. Akabadilisha nenosiri la akaunti yake. Alikuwa na haki kamili ya kufanya hivyo.

Nenosiri lilipobadilika, ile namba ya tarakimu nne haikufa. PIN ya Windows hukaa ndani ya kompyuta yenyewe, kwa hiyo iliendelea kufungua mlango. Kilichokatika ni uzi wa OneDrive. Ujumbe ukawa unatokea pembeni ya skrini kwamba akaunti inahitaji kushughulikiwa, na binti hakuwa na la kuushughulikia. Faili zenye alama ya tiki ya kijani zilifunguka, maana zilikuwa kwenye diski. Zile zenye alama ya kawingu zilikuwa majina tu. Mwili wake uko mtandaoni. Fakture nyingi za zamani, na orodha ya manunuzi ya robo ya kwanza, zilikuwa za kawingu.

Skrini ya buluu

Siku moja kabla sijaitwa, walimwita kijana wa mtaani anayetengeneza simu na kompyuta. Simlaumu, alifanya alichokijua. Aliingia kwenye orodha ya akaunti akatafuta kitufe cha kuiondoa, hakukiona. Hakiwezi kuonekana: Windows haimruhusu mtu kujifuta mwenyewe akiwa ndani, na kompyuta ile haikuwa na akaunti nyingine. Akaamua kuweka Windows upya kwa flashi. Flashi ilikataliwa, akaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayotangulia Windows, akazima Secure Boot, ulinzi unaokagua kinachoiwasha kompyuta. Alipowasha tena, skrini ikawa ya buluu, na katikati yake sanduku refu linaomba ufunguo wa kuokolea. Hapo akaogopa, akaacha. Namshukuru kwa kuacha, kwa sababu hatua moja zaidi na ile diski ingekuwa imefutwa pamoja na kila kitu.

Kwa nini ilikuwa buluu? Ndani ya laptopu kuna chipu inayoshika ufunguo wa diski na kuutoa yenyewe kila kompyuta inapowaka, mradi mazingira ya kuwaka ni yaleyale ya siku zote. Ukizima Secure Boot, mazingira yamebadilika. Chipu inashuku kwamba kuna mwizi, inauzuia ufunguo na kuomba ule wa akiba. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa fundi yule wa mtaani lilikuwa: uligusa nini, na kwa mpangilio gani? Alinionyesha bila kuficha. Nikarudi kwenye BIOS, nikaiwasha Secure Boot kama ilivyokuwa, nikatoa flashi, nikawasha. Ikafika kwenye picha ya mtoto wa shule. Binti alipiga makofi.

Mama Direkta akasema, sasa vizuri, ingia ufute. Kikaratasi kile kilikuwa bado kipo, na mlango ulikuwa unafunguka. Nikamwambia Mama, kujua namba ya mlango wa mtu si kupewa ruhusa. Mashini ni yenu, hilo halina mjadala. Lakini ndani yake kuna barua pepe za mtu na picha za nyumba yake, na Katiba ya nchi hii ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na siri ya mawasiliano yake. Tangu Machi 13, 2023 tuna pia Code du numérique, sheria ya mambo ya dijitali inayogusa data za watu na kuingia kwenye mifumo bila haki. Mimi si mwanasheria, na sikumtishia kwa sheria. Nilimweleza kwamba hata tukiiacha sheria pembeni, zile fakture za kawingu ziko mikononi mwa kijana wa Kolwezi, na hakuna ujanja wa fundi utakaozishusha bila yeye.

"Basi mpigie," akasema. Halafu, baada ya kimya: "Mpigie wewe. Mimi hatanipokea."

Simu ya Kolwezi

Nilipiga mchana, saa ya mapumziko. Nilijitambulisha, nikamwambia niko ofisi gani na kwa nini, nikamwambia pia kwamba sijafungua kitu chake chochote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mukubwa, mashini ni yabo, konti ni yangu. Njo vile."

Sina namna bora ya kuisema hali ile. Aliniuliza jambo moja tu: kama picha zake zimeonwa na watu. Nikamwambia ukweli, kwamba ile ya mtoto kwenye skrini imeonwa kila siku na kila aliyepita, na za ndani sijui, lakini kuanzia sasa hakuna atakayezifungua. Akasema picha za kuzaliwa kwa mwanawe zilikuwa kwenye folda ile, na simu aliyozipigia ilikwisha kuibwa. Zile zilizopanda OneDrive alikuwa nazo. Zilizobaki kwenye diski baada ya giga 5 kujaa, hakuwa nazo popote.

Hapo niliona jinsi tulivyokuwa karibu na hasara kubwa. Watu wote wa ofisini walikuwa wakihesabu fakture. Flashi ya jana ingefuta fakture, ndiyo, na fakture zina nakala za karatasi kwa wateja na kwa forodha. Picha zile hazikuwa na nakala.

Suala la dekonti likaja, na sikulikwepa, ingawa si kazi ya fundi. Nilisema wazi kwa pande zote mbili kwamba faili zisifungwe na pesa: asizuie fakture ili alipwe, na wasizuie picha ili awape fakture. Mama Direkta alichukua simu. Walisalimiana kwa adabu, papa na mama, wakaulizana habari za nyumbani kwa muda mrefu kama inavyotakiwa, ndipo wakaingia kwenye jambo lenyewe. Cheti chake kiliandikwa siku hiyohiyo, kikapigwa muhuri nikiwa nimekaa hapo. Malipo waliyapanga kwa awamu mbili. Kijana akasema tuanze.

Kutenganisha

Umeme ulikatika saa nane na robo, tukangoja jenereta ya jirani. Nalitaja hili kwa sababu kazi ya aina hii haianzwi kwa betri ya asilimia 30. Laptopu ikizimika katikati ya kunakili au kubadili funguo za diski, mtu anajitafutia matatizo mapya juu ya yale ya zamani.

Jambo la kwanza nililofanya, kwa ruhusa yake akiwa kwenye simu, ni kuuandika ule ufunguo wa kuokolea. Msimamizi aliye ndani anaweza kuusoma kwa dirisha la amri, akiandika manage-bde -protectors -get C:, na tarakimu 48 zinatokea kwa mafungu manane ya tarakimu sita. Nilisoma kwa sauti, binti akaandika kwa kalamu. Kisha akasoma yeye, nikafuatisha kwa kidole kwenye skrini. Tulikuta kosa moja kwenye fungu la tano, 3 iliyoandikwa kama 8. Tarakimu moja ikikosewa ufunguo mzima haufai, na kosa hilo huwa linajulikana siku mtu anapouhitaji.

Pili, zile faili za kawingu. Watu wengi wangemwomba nenosiri, na yeye pengine angelitoa. Sikuomba. Nenosiri la mtu likishasemwa kwa simu, likaandikwa kwenye karatasi ya ofisi, mambo yanakuwa yaleyale ya kikaratasi cha selotepu. Tulifanya hivi: yeye, kwa simu yake huko Kolwezi, alikusanya faili za kampuni kwenye folda moja ya OneDrive, akatutumia kiungo cha kuishusha kwenye anwani ya ofisi. Ilikuwa karibu giga 2. Mama Direkta alinunua mega za kutosha, na kushusha kulichukua mpaka magharibi kwa sababu mtandao ulikuwa unapotea. Tulipozilinganisha na majina yaliyobaki kwenye diski, moja haikuwepo. Akairudia, ikaja.

Tatu, vilivyokuwa kwenye diski yenyewe. Faili za kampuni zilikwenda kwenye diski ya nje ya ofisi. Folda ya picha na nyaraka zake binafsi zilikwenda kwenye flashi mpya iliyonunuliwa kwa kazi hiyo tu, nikinakili folda nzima bila kuifungua, nikilinganisha idadi ya faili na ukubwa upande huu na upande ule. Flashi ikatiwa kwenye bahasha, jina lake likaandikwa juu.

Baada ya hapo tu ndipo nilipotengeneza akaunti mpya: ya ndani, isiyotegemea barua pepe ya mtu yeyote, yenye jina la kazi. Nikaipa usimamizi. Nikazima kompyuta, nikawasha, nikaingia kwa akaunti hiyo mpya, nikahakikisha inaweza kufungua mipangilio yote na kusakinisha programu. Jambo hili dogo huwaumiza wengi. Mtu akiondoa msimamizi wa zamani kabla hajahakikisha kwamba mpya ni msimamizi kweli, amejifungia nje na funguo zimebaki ndani.

Kuna njia nyingine, fupi, ambayo mafundi wengi huipenda: kuigeuza akaunti ya zamani iwe ya ndani. Kwenye Windows ya Kifaransa, ambayo ndiyo tunayoitumia wengi hapa, ni Comptes, Vos informations, kisha Se connecter plutôt avec un compte local. Inafaa pale mtu anapoendelea na kompyuta yake mwenyewe. Kwa mtu aliyeondoka siipendi. Jina hubadilika kwenye skrini lakini folda hubaki na herufi zake tano, kivinjari hubaki na manenosiri yake, na atakayefuata ataendelea kuishi katika nyumba ya mwenzake yenye rangi mpya.

Kuiondoa kwenyewe kulichukua dakika mbili. Comptes, Autres utilisateurs, anwani yake, Supprimer le compte et les données. Windows ikaonya kwamba kila kilicho kwenye eneo lake la kazi, nyaraka, picha na vilivyoshushwa vitafutika. Nilimpigia kwanza, nikamsomea onyo lile kwa Kifaransa neno kwa neno. Akasema: "Bonyeza, mukubwa." Nikabonyeza. Folda ya herufi tano ikatoweka ndani ya C:\Users. Akaunti yake ya Microsoft haikuguswa. Ile ipo kwenye intaneti, ni mali yake, na barua zake zinaendelea kumfikia kama kawaida. Nataja hili kwa sababu aliniuliza mara mbili, na wengi huogopa hivyo.

Vilivyobaki baada ya kufuta

Mama Direkta alidhani tumemaliza. Kwa kweli ndipo ilipoanza sehemu inayosahauliwa.

Ule ufunguo wa tarakimu 48 ulikuwa bado umehifadhiwa kwenye akaunti ya kijana, na bado ulikuwa unafungua diski. Nilifuta ufunguo wa kuokolea wa zamani, nikatengeneza mwingine, nikauchapa nakala mbili: moja kwenye kasha la pesa, moja nyumbani kwa Mama. Wa zamani ukabaki kwenye ukurasa wake kama ufunguo wa kufuli lililokwisha kubadilishwa. Kisha yeye, kwa upande wake, akaiondoa laptopu kwenye orodha ya vifaa vyake. Mpaka anapofanya hivyo kompyuta inabaki imeorodheshwa kwa jina lake, na huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea ni ya mwenye akaunti.

Manenosiri yalinichukua muda kuliko yote. Kivinjari kilikuwa kimeyahifadhi na kuyapeleka kwenye akaunti yake: barua pepe ya kampuni, benki, lango la mteja mmoja mkubwa. Kuifuta akaunti kwenye laptopu hakuyafuti kwenye simu iliyoko Kolwezi. Tulikaa na binti tukibadilisha moja baada ya nyingine. Tulipofika kwenye Gmail ya kampuni, Google ikaomba kutuma tarakimu za uthibitisho kwenye namba ya simu, na mwisho wa namba ile binti hakuutambua. Ilikuwa ya kijana. Nilimpigia tena, mara ya sita siku hiyo, akanisomea tarakimu papo hapo, tukaondoa namba yake na kuweka ya ofisi. Angekuwa ameudhika, au amebadilisha laini, kampuni ingekuwa inaomba barua pepe yake yenyewe kwa mtu wa nje.

Lililomuumiza Mama ni Office, programu za Microsoft za ofisi kama Excel. Walikuwa wamenunua leseni ya kudumu kwa pesa taslimu, kadi yenye namba ya kukwangua. Namba ile ilisajiliwa siku ya kwanza kwenye akaunti ya kijana, na leseni ya namna hiyo hushikamana na akaunti iliyosajiliwa. Hatuwezi kuihamisha, naye hawezi kuirudisha hata akitaka. Windows yenyewe haikuwa na shida, kwa kuwa leseni yake imefungwa na mashini, ikabaki hai baada ya akaunti kuondoka. Office ikafungwa. Niliwawekea LibreOffice, ambayo ni ya bure, jedwali la TVA likafunguka. Zile fomula zilizokuwa zikitaja njia ya herufi tano zilitoa makosa, binti akazirekebisha kwa mkono, safu kwa safu, tarehe 13 na asubuhi ya tarehe 14. Tamko lilipelekwa tarehe 14 jioni.

Ningefanya nini tofauti? Ningempigia kijana kabla sijaigusa BIOS. Nilijua kurudisha Secure Boot hakuharibu kitu, lakini kama chipu ingeendelea kukataa, yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo kwenye akaunti yake, na ningekuwa nimempigia nikiwa tayari nimekwama. Pia ningemkataza binti, tangu dakika ya kwanza, asiendelee kuhifadhi kazi mpya mle. Kati ya skrini ya buluu na jioni alikwisha kuweka faili nne ambazo ilibidi tuzitafute.

Bahasha ya flashi na cheti chenye muhuri vilichukuliwa na mdogo wake kijana, anayesoma hapahapa mjini. Alisaini daftari la ofisi. Siku mbili baadaye kijana aliniandikia kwamba picha zote zimefunguka.

Kisha tukaziangalia laptopu nyingine za ofisi. Ziko nne, na mbili zimeanzishwa kwa anwani binafsi. Moja ni ya mtunza depo, mzee aliyekaa na kampuni kuliko mtu yeyote, ambaye hana mpango wa kwenda popote. Tulianza na hiyo Jumatatu iliyofuata. Safari hii mwenye akaunti alikuwa ameketi mwenyewe kwenye kiti, miwani puani, na kila nilipomwambia bonyeza hapa, aliuliza kwanza kitapotea nini.